Jinsi Nilivyoimudu Shule ya Hekima ya Adyar

Ushauri uliokaribia kuniharibia safari yangu ya Adyar ulitoka kwa mwanachama mkongwe wa Jumuiya ya Theosofia, watu wanaotafuta hekima iliyo ya pamoja katika dini, falsafa na sayansi, ambaye sitamtaja jina. Aliniambia kwamba si vyema mtu kuingia katika Shule ya Hekima kabla hajakisoma, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kitabu kikubwa cha Helena Petrovna Blavatsky kiitwacho The Secret Doctrine, kilichotoka mwaka 1888. Aliyasema hayo kwa uzito wa mtu anayetoa fatwa, nami kwa kuziheshimu mvi zake nikayafuata. Nayaandika haya kwa sababu tangu nirudi nimeulizwa na watu kadhaa, wa Mombasa na wa Dar es Salaam, jinsi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi asiyejua Kisanskriti alivyoweza kukaa darasani na watu walioyasoma mambo haya tangu ujana wao. Na karibu wote walioniuliza walikuwa wamekwisha kuambiwa maneno yale yale.

Jumuiya ya Theosofia iliasisiwa New York mwaka 1875 na Blavatsky, Henry Steel Olcott, William Quan Judge na wenzao, na tangu mwaka 1882 makao yake makuu yako Adyar, katika jiji la Chennai nchini India, pale Mto Adyar unapoingia katika Ghuba ya Bengal. Shule ya Hekima ilifunguliwa humo mwaka 1949 na C. Jinarajadasa, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa rais wa Jumuiya. Mwanafunzi hukaa ndani ya eneo lenyewe, hula humo, hulala humo, husoma na kutafakari humo kwa majuma kadhaa, na ndiyo maana namna mtu anavyojiandaa ina uzito mkubwa kuliko katika mafunzo ya jioni anayoyahudhuria kisha akarudi nyumbani kwake.

Basi nilinunua daftari nene na kila usiku baada ya swala ya Isha nikaketi na kitabu. Toleo la kwanza lilikuwa na juzuu mbili zenye takribani kurasa 1,500, na mwandishi wake hakuwa mtu wa kumwonea huruma msomaji. Katika ukurasa mmoja anabishana na wanasayansi wa karne yake kuhusu atomu, ukurasa unaofuata yumo katika Kabala ya Wayahudi, kisha Puranas za Wahindu, kisha Wamisri, na tanbihi zake huwa ndefu kuliko maelezo yenyewe. Nikawa naandika kila neno geni pembeni: manvantara, pralaya, mulaprakriti, Fohat. Nikachora miduara ya mizunguko ya ulimwengu na kuipaka rangi kwa penseli za mjukuu wangu. Juzuu ya kwanza imejengwa juu ya beti saba za Dzyan, ambazo Blavatsky anasema zimetoka katika kitabu cha kale sana, na kila mstari wa beti hizo una ufafanuzi wake unaoweza kumla mtu jioni nzima. Nilipofika kwenye ubeti wa nne daftari lilikuwa limejaa. Usiku huo binti yangu akaniuliza, "Mama, kitabu hiki hasa kinasema nini?" Ningeweza kumtajia majina kwa mamia, lakini jibu la swali lake halikuwamo katika kurasa zote zile nilizoziandika kwa mkono wangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Nairobi, mwenye asili ya Gujarat kama walivyo wanachama wengi wa Jumuiya katika Afrika Mashariki. Alipolifunua daftari langu alitikisa kichwa akasema, "Mwalimu, hii kazi ni nzuri, lakini nani alikwambia kitabu hiki kinasomwa hivi?" Akanipa kijitabu chembamba chenye maelezo aliyoyaandika Robert Bowen, mwanafunzi wa Blavatsky mjini London, mwaka 1891, ambao ndio mwaka aliofariki mama huyo. Humo Blavatsky mwenyewe anaonya kwamba anayekisoma kitabu chake ukurasa baada ya ukurasa, kama vitabu vingine, ataishia kuchanganyikiwa. Nilipoyasoma hayo nilikasirika kweli kweli, kwa sababu onyo la mwandishi mwenyewe lilikuwa limechapishwa kwa miaka mingi, na bado watu wenye dhamana ya kuwaongoza wageni wanawapeleka njia ile ile iliyokatazwa.

Njia aliyoifundisha Blavatsky ni fupi. Anza na kanuni tatu za msingi zilizomo katika dibaji ya juzuu ya kwanza, kisha nenda kwenye muhtasari wenye hoja zilizotiwa nambari, kisha maelezo ya awali ya juzuu ya pili na hitimisho lake. Kanuni ya kwanza inasema kwamba asili ya vyote ni kitu kimoja kisicho na mpaka wala mabadiliko, ambacho akili haiwezi kukieleza. Ya pili inahusu ulimwengu kuja na kuondoka kwa vipindi, kama tuonavyo maji kujaa na kupwa, usiku na mchana, uhai na mauti. Ya tatu inasema kila roho ni moja kwa asili na Roho Kuu, na kwamba kila roho inalazimika kusafiri kupitia maisha mengi, ikipanda kwa juhudi yake yenyewe, bila upendeleo. Hizo zikikaa moyoni, mengine yote yana mahali pa kuning'inia.

Hapo ndipo nilipobuni ujanja wangu, ambao naujivunia na nimekwisha kuwafundisha wengine. Nilikata kadi tatu za karatasi ngumu, kila kanuni na kadi yake, nikaiandika kwa Kiswahili changu mwenyewe upande mmoja na kuuacha upande wa pili mtupu. Kule Adyar, kila somo lilipotangazwa, nilikisoma kifungu chake mara kadhaa nikijiuliza swali moja tu: hiki ni cha kadi ipi? Kisha niliandika swali moja nyuma ya kadi hiyo na kuliuliza darasani. Wenzangu waliokuja na masanduku ya vitabu walikuwa wakihangaika kutafuta kurasa, mimi nilikuwa nikisikiliza. Jioni nilitembea kuelekea pwani na mama mmoja kutoka Ufilipino, kila mmoja akimweleza mwenzake somo la asubuhi bila kufungua kitabu. Aliyekwama alijua kwamba hapo ndipo pa kuuliza kesho. Kwa yeyote atakayekwenda, nasema atafute mwenzake wa kutembea naye siku ya kwanza kabisa, kabla watu hawajazoeana na kugawana makundi.

Jambo jingine lililonisumbua kabla ya kuondoka ni jamaa zangu waliodhani nakwenda kubadili dini. Jumuiya haimtaki mtu aiache imani yake; lengo lake la kwanza ni udugu wa wanadamu wote bila kubagua rangi, imani, jinsia wala tabaka, na mwaka 1924 Baraza lake Kuu lilipitisha azimio kwamba hakuna fundisho lolote, la Blavatsky wala la mwingine, linalomfunga mwanachama. Ndani ya eneo la Adyar kuna hekalu la Kihindu, kanisa, nyumba za ibada za Wabudha na Wazoroasta, na msikiti mdogo ambamo niliswali. Mwalimu wetu alipofika kwenye kanuni ya kwanza aliniomba nieleze jinsi watu wa tasawufi wanavyouzungumza umoja wa Mungu, na nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu maswali hayakuisha. Nilitoka darasani nikiwa na furaha ambayo sikuipata katika miaka yangu yote ya kufundisha hesabu.

Kuhusu gharama, kilichoniumiza ni nauli ya ndege, iliyomeza akiba ya muda mrefu. Chumba na chakula vilikuwa nafuu sana. Kwa fedha hizo hoteli ya kawaida ya Mombasa ingenipa siku chache tu. Chakula hakina nyama wala samaki, na pombe na sigara haviruhusiwi. Wapo waliolalamika, lakini mtu wa pwani aliyezoea nazi na mchele hana la kuogopa mbele ya idli, vile vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, na chatne yake. Leso zilinifaa kuliko nguo nyingine yoyote niliyobeba: kujitanda alfajiri, kukalia wakati wa kutafakari, kujifunika dhidi ya mbu. Novemba ni mwezi wa mvua kali Chennai, hivyo anayeweza kuchagua achague Januari.

Kuna alasiri moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aipate. Tulipelekwa kwenye mti mkubwa wa Adyar, wa jamii ya mikuyu, ambao mizizi yake hushuka kutoka kwenye matawi na kugeuka mashina mapya. Annie Besant, aliyewahi kuwa rais wa Jumuiya, na mwanafalsafa Krishnamurti walihutubia chini yake. Shina lake la asili liliangushwa na dhoruba mwaka 1989, na bado mti umeenea pande zote, kwa sababu mashina yaliyozaliwa na matawi yalikwisha kujitegemea. Mwalimu hakutoa hotuba. Alituuliza tu, mti ni upi hapa? Tulijadiliana mpaka jua likazama, na kadi yangu ya pili ikajaa maandishi. Siku iliyofuata nilikwenda katika maktaba aliyoianzisha Olcott mwaka 1886, nikaonyeshwa miswada iliyoandikwa juu ya majani ya mvumo, na ingawa sikuweza kusoma herufi hata moja nilielewa kwa nini watu walijitaabisha kuihifadhi.

Sasa tuna kikundi kidogo Mombasa kinachokutana sebuleni kwangu, nacho husoma zile kanuni tatu na si zaidi, mpaka kila mmoja aweze kumweleza mtoto wake. Mmoja wetu anataka kwenda msimu ujao. Tayari nimemwambia awasiliane mapema na katibu wa tawi lake ili apate barua ya kumtambulisha, na achanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kufika India, kwani msafiri kutoka Kenya asiye na kadi ya chanjo hiyo anaweza kuwekwa karantini. Kitabu kikubwa nimemwazima, nikiwa nimeziwekea alama zile sehemu nne, na daftari langu la zamani nimelibakiza kabatini ili asije akalifuata.