Kisanduku cha kinga kati ya laptopu na amplifaya: kilipofikia

Kisanduku kimefungwa mfuniko. Kazi yake ni kukaa kati ya soketi ya hedifoni ya laptopu na amplifaya ninazotengeneza, ili laptopu itoe mawimbi ya kupimia bila yenyewe kuungua. Jenereta ya mawimbi sina, na kwa kazi za sauti siioni haja yake: soketi nyingi za hedifoni hufika karibu volti 1, na Audacity, programu ya kuhariri sauti, inatengeneza wimbi la sini popote kati ya hezi 20 na 20,000.

Ninachokihofia ni kinachoweza kurudi. Amplifaya ya valvu (taa za kioo za zamani) inaweza kuwa na volti 250 za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, kwenye anodi, ncha ya valvu yenye volti kubwa, na ncha ya waya kuteleza ni kufumba na kufumbua. Basi kutoka kwenye jeki nimeweka rezista (kizuia umeme) ya omu 470, halafu dayodi nne za 1N4007, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, kwenda graundi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme), mbili zikitazama huku na mbili kule, halafu rezista ya kiloomu 1, mwisho kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1, volti 400, inayopitisha mawimbi na kuzuia DC. DC inakwama kwenye kapasita. Mshtuko wa kuichaji unamezwa na rezista na dayodi. Chini ya nusu volti dayodi zimelala. Ukipandisha sauti hadi mwisho zinaamka, na kwenye oskiloskopu, kifaa cha kuchora mawimbi kwenye skrini, unaona kilele cha wimbi kikibapa.

Jeki ni ya stereo, natumia kushoto tu. Ya mono ingepigisha shoti chaneli ya kulia.

Graundi ndiyo inayosahaulika. Kapasita inalinda waya wa mawimbi pekee. Ule mwingine, wa graundi, unaunganisha laptopu na chasisi (fremu ya chuma ya kifaa) moja kwa moja. Redio za zamani zisizo na transfoma ya umeme zinaweza kuwa na umeme wa ukutani kwenye chasisi yenyewe. Hizo kisanduku hiki hakizigusi, mpaka redio ipitie kwanza kwenye transfoma ya kutenganisha umeme. Transfoma ndogo ya sauti siiamini kwa kazi hiyo. Kwa vifaa vingine graundi huniletea mvumo tu: chaja ikichomekwa unasikika, ikichomolewa kimya. Napima kwa betri.

Mita nyingi za kawaida hazisomi AC kwa uhakika kupita hezi 400, kwa hiyo nimesawazisha kiwango cha mawimbi kwa hezi 200. Bila mzigo nimepata volti 0.50, nilipounganisha mzigo wa kiloomu 10 ikashuka hadi 0.44, kwa sababu ya rezista zangu mwenyewe. Sasa nasoma amplifaya ikiwa imeshaunganishwa. Baada ya hapo sauti ya laptopu siigusi, napunguza ndani ya Audacity: desibeli 6 ni nusu, 20 ni sehemu ya kumi. Ekwalaiza na milio ya taarifa vimezimwa, na badala ya spika kuna rezista ya omu 8. Mlio mmoja wa ujumbe unaweza kuchoma twita, spika ndogo ya sauti nyembamba.

Mawimbi mraba yana hila yake. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hakuna kinachopita hezi 24,000, hivyo mraba wa hezi 5,000 unabaki na msingi wake na harmoniki ya 3 tu (wimbi la mara tatu ya msingi, hezi 15,000). Mikunjo inayoonekana kwenye mraba huo ni ya laptopu, amplifaya haina kosa. Nabaki kwenye hezi 200.

Kinachofuata ni swichi ya kupunguza mara 10 na mara 100, kwa ajili ya priamplifaya za maikrofoni, zinazokuza mawimbi madogo sana.