Maswali Niliyoyakata kwa Mkasi

Jumapili, baada ya Isha

Leo alasiri, kabla watoto hawajapanda ngazi, nilichukua mkasi nikayakata maswali yote yaliyokuwa chini ya kifungu cha ufahamu. Kifungu nilikitunga mwenyewe pamoja na maswali yake, kwa hiyo sikumharibia mtu kazi. Zikabaki aya nne za Kiingereza peke yake, hakuna (a) wala (b), hakuna alama mbili wala alama tatu pembeni. Walipokaa jamvini nikawagawia. Wakageuza karatasi, wakatazama nyuma, wakatazamana.

"Ami, maswali yako wapi?"

"Hakuna. Someni tu."

Walivyohangaika! Mmoja alimaliza haraka akaniuliza sasa afanye nini. Nikamwambia anieleze kifungu kinahusu nini. Akakirudia kwa macho ya mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, na nadhani kweli ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kwa wanaosoma hapa bila kunijua: mimi si mwalimu wa shule. Riziki yangu iko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, kazi ya kutwa kusoma na kuandika Kiingereza cha mizigo na makontena. Watoto hawa ni wa jengo letu hapa Majengo, Mombasa, na wa nyumba mbili tatu za jirani. Wengi wako kidato cha tatu. Jumamosi ni ya madrasa, kwa hiyo kwangu wanakuja Jumapili baina ya Alasiri na Magharibi, na atakayechelewa atakuta kashata zimekwisha.

Hawa ndio kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wetu wa Kenya wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho kabisa mwaka 2023, na wao ndio watakaoifunga KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Wadogo zao wako kwenye mtaala mwingine, wenye majina mengine na masharti mengine, na nyumba moja unaweza kukuta mifumo miwili inagombania meza moja. Kuwa wa mwisho kumewatia wazazi wao kiwewe. Mama mmoja wa ghorofa ya juu anazijua karatasi za Kiingereza kuliko mwanawe: ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60, jumla 200. Ukimgusa kidogo atakwambia ufahamu peke yake ni alama 20 na insha ya kubuni ni 20 nyingine.

Na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, kwa maoni yangu. Watoto wote hawa wamefundishwa mbinu moja: soma maswali kwanza, kisha ingia kwenye kifungu ukatafute majibu. Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani na saa inakwenda, mbinu hiyo si mbaya. Lakini wao hawajui njia nyingine. Wanaingia kwenye kifungu kama mtu aliyeangusha sarafu sokoni Kongowea: anainama, anakodoa macho chini, akiiona anaiokota na kuondoka. Muulize nyanya leo ni bei gani, hana habari. Basi swali likiwa la kuokota, wanapata. Likiwataka waseme mwandishi ana mtazamo gani, au waeleze jambo kwa maneno yao wenyewe, wananakili mstari mzima uliokaribiana na swali na kumwombea mtahini awe na huruma.

Kifungu cha leo kilihusu Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno hapa mjini. Si kuta zake na mizinga yake, hayo wameyachoka tangu safari za shule ya msingi. Kilihusu wakati Waomani walipoizingira ngome, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na ngome ilipoanguka meli za msaada za Wareno zilifika siku chache tu baadaye, zikaikuta bendera ya Oman juu, zikageuza.

Walipokwisha kusoma mara ya pili (kamusi iko mezani, lakini haifunguliwi kabla ya kusoma mara mbili, hiyo ni sheria ya nyumba) niliwaambia sasa watunge wao maswali. Kila mmoja matatu. La kwanza, jibu lake liwe kwenye mstari unaoonekana. La pili, jibu lake lisiwe kwenye mstari wowote, lakini ukisoma uwe tayari kuliapia. La tatu, liwe ni jambo ambalo wewe mwenyewe unataka kulijua.

Ya aina ya kwanza yalimwagika. Mwaka gani, nani, wapi. Ya aina ya pili ndiyo yaliyowatoa jasho, pangaboi au bila pangaboi. Nikawaacha wahangaike kwanza, kisha nikawaonyesha ile sentensi ya mwisho, ya meli na bendera. Hakuna mahali kifungu kinasema manahodha walijua wamechelewa. Hakuna mahali kinasema walivunjika moyo. Kinasema waliona bendera na kugeuza, basi. "Sasa nani kawaambia ngome imeanguka?" Kimya. Kisha yule kijana mpole anayekaaga karibu na mlango akasema, bendera ndiyo iliyowaambia. Nikamwambia basi hilo ndilo swali lako la pili, liandike kabla mwenzako hajakuibia. Tangu hapo wakaanza kuona. Mmoja aliuliza ni kitu gani katika aya ya tatu kinachoonyesha kwamba mwandishi anawaonea huruma waliokuwa ndani. Swali hilo lingeweza kutoka KNEC, baraza la mitihani lenyewe, na lisingeona haya.

Lakini la siku lilitoka kwenye aina ya tatu. Msichana mmoja, mtundu wa maneno, aliandika: kwa nini wafe njaa na bahari iko chini ya ukuta? Kwa nini hawakuvua?

Nyumba ikawaka moto. Mmoja ambaye babake ni mvuvi akasema huwezi kuvua huku maadui wanakutazama, ukishuka kwenye maji ushauawa. Mwingine akasema basi wangevua usiku. Yule wa mvuvi akamcheka, akamuuliza amewahi kuvua usiku yeye. Mwingine akasema tatizo halikuwa chakula peke yake, tatizo lilikuwa ugonjwa, na mgonjwa hata umpe samaki hali. Na hapa ndipo nilipofurahi kweli: ili kumjibu, yule msichana alirudi kwenye aya ya pili bila kuambiwa na mtu, akaisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, akaonyesha kwamba njaa imetajwa kabla ya maradhi. Mwenzake akamjibu kwamba kutajwa kwanza si kutokea kwanza. Wakavutana juu ya sentensi moja mpaka nikaogopa muadhini atatukuta hapo hapo. Mjadala ulikuwa Kiswahili kitupu, Kimvita cha mtaani, sikukataza. Kifungu kilikuwa cha Kiingereza na walikuwa wakikisoma sawasawa. Ziko shule zinazowavika watoto kibao shingoni wakisikika wanasema Kiswahili. Mimi sioni faida ya kumnyamazisha mtu katikati ya fikra.

Upande wa muhtasari sikusumbuka leo, ila kulitokea jambo la kuchekesha. Nilitaka aya mbili za mwisho zifupishwe kwa maneno yasiyozidi 40. Wengi walifika 70 na kuanza kukata viunganishi mpaka sentensi zikawa kilema. Kijana mmoja alileta 38, safi, hoja zote zimo. Huyu huandika mashairi. Anahesabu mizani nane na nane kwa vidole tangu yuko darasa la sita. Nikamwambia awaeleze wenzake alivyofanya, akasema tu kwamba aliamua kwanza nini kitupwe. Mji huu ni wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyeweza kutia ugomvi mzima ndani ya beti nne, na bado tunawafundisha watoto wetu kufupisha habari kana kwamba ni ujuzi uliokuja na meli.

Kisha tukaja kwenye insha, na hapa nina maneno.

Wiki iliyopita niliwapa kazi ya nyumbani: andika insha fupi kuhusu asubuhi moja ambayo mambo hayakwenda ulivyotaka. Nimesoma zote jana usiku. Karibu zote zinaanza na jua linalochomoza kwa madaha na ndege wanaoimba kwenye miti. Ndege gani? Nimezaliwa mji huu, na ndege wanaoniamsha mimi ni kunguru, hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi, wanaopigana juu ya mabati kabla hata hakujapambazuka. Hakuna hata mmoja aliyemtaja kunguru. Wote wana ndege wale wale wa kwenye daftari la maneno matamu, linalopitishwa kutoka kaka kwenda mdogo wake, limechakaa pembe zote. Humo mna moyo unaodunda kama ngoma, machozi yanayotiririka kama mto, na mwisho mhusika anaamka, kumbe alikuwa anaota.

Siwalaumu. Wameona alama ya vema ya kalamu nyekundu juu ya maneno hayo, nao ni watu wenye akili, wanarudia kinachowalipa. Lakini kazini kwangu hakuna aliyewahi kunilipa kwa tashbihi. Mteja anataka kujua kontena lake liko wapi, limezuiwa kwa sababu gani, na afanye nini kesho asubuhi kabla gharama ya kulihifadhi haijapanda. Sentensi tatu. Kijana akiweza kuandika sentensi tatu hizo kwa Kiingereza kisicho na utata, ndege wa kwenye miti atawaweka mwenyewe akitaka.

Basi leo niliwapeleka upande wa uandishi wa kiuamilifu, ambao uko karatasi ya kwanza na wao huudharau kwa sababu hauna machozi: barua, kumbukumbu za mkutano, tangazo, maelezo ya upishi. Nikachagua upishi. Mmoja wao, ambaye mamake anauza viazi karai jioni, nilimwambia aandike viazi karai kwa mtu wa Uingereza ambaye hajawahi kuviona.

Mara ya kwanza aliandika mistari mitatu: chemsha viazi, koroga unga, kaanga. Nikamuuliza, unga mzito kiasi gani? Akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa kunionea huruma kwamba sijui: uwe wa kushika kiazi kisitokeze, lakini usiwe wa kuganda kama ugali. Liandike hilo. Bizari kiasi gani? Kiasi cha kutia rangi tu. Liandike. Mafuta utajuaje yamepata? Akasema unadondosha tone la unga, likizama na kukaa chini, bado. Likipanda juu mara moja, tia viazi. Liandike, baba, liandike hilo hilo!

Akainama. Aliandika muda mrefu, akifuta, akiuliza neno moja moja. Kilichotoka kilikuwa na makosa ya wakati wa vitenzi, sikatai, na mwisho wake ukwaju ulikuja kabla ya viazi kutolewa kwenye mafuta. Lakini ilikuwa ndiyo karatasi pekee ya leo ambayo ningempa mgeni akaingia nayo jikoni. Wenzake walimsikiliza akiisoma na mmoja akasema sasa ana njaa. Mtahini mwenye njaa hutoa alama nzuri, nikawaambia.

Makosa mengine ya kawaida nimeyapitia upesi. Mama anaanza insha akiwa mwanamke, akifika aya ya pili amegeuka mwanamume, "she" imekuwa "he". Ni kwa sababu kwetu kiambishi kimoja kinawatosha wote, na dawa yake ninayoijua ni kusoma tena ukitafuta kosa hilo peke yake, kisha usome tena ukitafuta jingine. Nikawaonyesha vituo pia. Kuna binti anaandika ukurasa mzima kwa nukta moja, pumzi anayo.

Wakati wanashuka, yule mama wa ghorofa ya juu alinisubiri kwenye ngazi. Alishasikia habari ya mkasi.

"Mwalimu, shikamoo haitoshi, nataka kukuuliza. Maswali umeyakata?"

"Nimeyakata, mama."

"Na mtihani je, nao utakuja hauna maswali?"

Nikamwambia karatasi za mitihani iliyopita tutazifanya, na saa mezani, muhula wa tatu na mwaka ujao wote. Hatutazikimbia. Lakini mtoto aliyewahi kutunga swali anamjua mtunga swali anakotokea, na huyo hashangazwi kirahisi. Akanitazama, hakuridhika wala hakukataa. Akasema mwanawe amefika nyumbani anabishana na babake kuhusu samaki wa Wareno, na babake hajui ni samaki gani.

Jumapili ijayo ni zamu yao kuleta kifungu. Kila mmoja alete aya tatu za Kiingereza alizoziona popote, gazetini au kwenye simu, na maswali matatu kwa utaratibu wa leo. Kijana mmoja ameshaniambia ataleta habari ya mechi. Nimemwambia ailete, ila matokeo ayafute kwa wino, na wenzake watuambie nani alifungwa na wamejuaje.