Kisima Kilichokuwa Nje ya Hati

Mwezi Mei 2022, wastaafu wawili Waswahili waliomaliza miaka yao ya kazi Uingereza, mume akiendesha basi na mke akiwa muuguzi, walikuwa wanakaribia kununua nyumba nje kidogo ya Penela, kusini ya Coimbra, katikati ya Ureno. Nyumba ya zamani ya mawe, na nyuma yake shamba dogo la mizeituni lenye kisima. Bei ilikuwa yuro 92,000. Dalali alitaka arbuni ya asilimia 10 ndani ya wiki ileile, eti kuna mnunuzi mwingine njiani. Mimi nilikuwa mkalimani na mfuatiliaji wa makaratasi kwa solicitadora mmoja wa Coimbra. Solicitador si wakili kamili, lakini hati, kodi na usajili wa majengo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Hesabu iliyowapeleka Ureno inafaa kutajwa, maana wengi huanza na bei ya nyumba na kusahau pensheni. Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, kwa aliyetimiza michango yote, ilikuwa pauni 185.15 kwa wiki mwaka ule. Mstaafu akihamia Ureno, kiwango kinapanda kila mwaka sawa na cha aliyebaki. Akihamia Kenya, Tanzania au nchi nyingine nyingi, kinagandishwa: anachoanza nacho ndicho atakachopokea hata baada ya miaka 20. Tena anayelipwa pensheni hiyo hupewa fomu ya S1, na kwa fomu hiyo hutibiwa katika hospitali za umma za Ureno kama mwenyeji, gharama ikirudi Uingereza. Kwa watu wa umri wao, hayo mawili yalikuwa na uzito kuliko tofauti ya bei za nyumba.

"Mwanangu, huyu dalali atamuuzia mwingine," Mzee aliniambia.

"Mzee, haraka ni yake. Pesa ni yenu."

Sikusema hivyo kumtuliza tu. Katika sheria ya Ureno arbuni ina meno. Mnunuzi akijitoa anaipoteza yote. Muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Ila kinga hiyo ina maana pale tu mkataba wa ahadi, ule unaotiwa saini kabla ya hati ya mwisho ya mauzo, unapoeleza sawasawa kinachouzwa. Ukiandika "nyumba na shamba" bila namba za kodi na za usajili, umeahidi kununua kitu kisichojulikana, na siku ya kudai, kila upande utakuwa na tafsiri yake. Solicitadora alikataa senti yoyote isitoke kabla ya kuona hati tatu.

Ya kwanza ni caderneta predial, ya idara ya kodi: namba ya jengo kwenye daftari la kodi, ukubwa wa kiwanja na wa jengo, thamani ya kukadiria kodi, na jina la anayelipa. Ya pili ni certidão permanente kutoka msajili wa ardhi: nani mwenye mali, na kama kuna rehani, zuio la mahakama, au mzazi aliyejibakishia haki ya kukaa humo mpaka afe. Kwa yuro 15 unapata namba ya kuifungua mtandaoni kwa miezi sita, na kila mabadiliko yakiingia unayaona. Ya tatu ni ya manispaa: leseni ya matumizi, au cheti kwamba jengo ni la kabla ya tarehe 7 Agosti 1951, siku ilipotolewa kanuni kuu ya majengo, na hivyo halihitaji leseni. Januari 2024 sheria iliacha kulazimisha leseni kuonyeshwa wakati wa kutia saini ya mwisho. Mimi bado naidai. Kutolazimishwa kuionyesha hakulifanyi jengo lililokosewa kuwa halali.

Hati tatu zikipatana, kazi bado haijaisha. Lazima zipatane na ardhi yenyewe. Tulikwenda na futi ya kupimia ya mita 30, Mama akishika ncha moja. Caderneta ilisema jengo lina mita za mraba 62. Sisi tulipata 97. Tofauti ya 35 ilikuwa jiko. Zamani lilikuwa banda la wanyama lililoegemea ukuta wa nyuma. Mtu akalisakafia, akatia vigae na sinki, akatoboa mlango kuingia nyumbani. Ukisimama ndani huoni mshono. Ukitoka nje unauona: ukuta wa mawe mnene kiasi cha mkono mzima unakomea ghafla, unaanza wa matofali ya saruji, na juu yake mabati ya kijivu yenye mawimbi ambayo si bati bali saruji iliyochanganywa na asbesto. Ureno iliendelea kuuza mabati hayo mpaka katazo la mwaka 2005, na kuyaondoa ni kazi ya kampuni yenye kibali, si ya fundi wa kijijini na nyundo.

Dalali alisema hilo si tatizo, kila nyumba ya huko iko hivyo. Kuhusu wingi wa nyumba hizo alisema kweli. Lakini cheti cha kabla ya 1951 kililinda sehemu ya zamani tu. Jiko lilikuwa ujenzi mpya usio na kibali. Notari, yule afisa anayeandika na kusoma hati ya mauzo, halioni jiko. Anaona karatasi, na karatasi zilikuwa safi. Mauzo yangepita, na deni lote la jiko lingehamia kwa wazee hawa: manispaa ingeweza kudai libomolewe, bima ingekuwa na sababu ya kugoma kulipa moto ukianzia humo, na siku watoto wao watakapotaka kuuza, mnunuzi mwenye solicitador makini angekwama palepale. Njia bora ni muuzaji ahalalishe kabla ya kuuza, kwa michoro ya msanifu na idhini ya manispaa. Lakini shughuli hiyo inaweza kula mwaka na zaidi. Wazee walichagua kushusha bei hadi 86,000 na kuhalalisha wenyewe, na makubaliano hayo yakaandikwa ndani ya mkataba kwa maneno kamili, ili asije mtu kusema waliuziwa jengo la mita 97 lililo sawa.

Nilidhani jiko ndilo zito. Kumbe zito lilikuwa kisima.

Ureno ina namna mbili za mali ya ardhi, urbano na rústico, yaani ya majengo na ya kilimo, na kila moja ina namba yake hata kama hakuna ua kati yao. Hati zote tulizopewa zilikuwa za nyumba na ukingo mwembamba unaoizunguka. Mizeituni, mita za mraba 2,400, ilikuwa na namba nyingine kwenye daftari la kodi, kwa jina la baba wa muuzaji, marehemu siku nyingi. Kwa msajili wa ardhi haikuwepo kabisa. Na kisima, ambacho pampu yake ndiyo iliyokuwa ikijaza tangi la nyumba, kilikuwa kwenye mizeituni. Mama aliuliza swali lililokata mzizi: "Kwa hiyo tukilipa leo, tunanunua bomba na si maji?" Ndivyo hasa.

Kilichotokea ni cha kawaida vijijini kule. Baba alipofariki, watoto waligawana kwa mdomo: wewe chukua hili, mimi lile, na ndugu aliyehamia Ufaransa msitu wa misonobari kule juu. Hakuna aliyeandika. Dawa yake inaitwa justificação. Muuzaji anatangaza mbele ya notari kwamba amelishika shamba hadharani na bila ugomvi kwa zaidi ya miaka 20, mashahidi watatu wanathibitisha, tangazo linatoka kwenye gazeti la eneo, na zinasubiriwa siku 30 kama kuna mpingaji. Asipotokea, shamba linasajiliwa kwa jina la muuzaji, ndipo liweze kuuzwa. Sheria haikutaka saini ya ndugu wa Ufaransa. Solicitadora alimtaka muuzaji ampigie simu hata hivyo, tukiwa tumekaa, kwa sababu anayeshtukizwa na gazeti hupinga hata asipokuwa na hoja. Ndugu huyo alikubali. Mipaka ilichorwa kwenye BUPi, mfumo wa serikali wa ramani za mashamba ambao Penela ilikuwa kati ya manispaa za majaribio baada ya sheria ya 2017. Huduma hiyo haikutozwa.

Na lilikuwapo la jirani. Shamba dogo la kilimo likiuzwa, mwenye shamba linalopakana nalo ana haki ya kununua kwanza kwa bei ileile. Anaandikiwa barua yenye bei na masharti yote, ana siku 8 za kujibu. Usipomwandikia, akija kujua ana miezi sita ya kwenda mahakamani na kuchukua shamba kwa bei iliyoandikwa kwenye hati. Hapa ndipo ujanja mmoja wa madalali unapogeuka hasara: kuandika shamba kwa bei ya kutupwa ili kukwepa kodi. Wewe umelipa elfu sita mkononi, hati inasema mia tano, na jirani anaweza kulidai, pamoja na kisima, kwa mia tano. Tuliandika nyumba 80,000 na shamba 6,000, kama lilivyothaminiwa. Jirani, bibi mwenye mizeituni yake mwenyewe iliyomshinda kuvuna, alitia saini ya kukataa.

Mkataba wa ahadi ulisainiwa Juni, arbuni yuro 8,600, saini zikithibitishwa ana kwa ana, ukiwa na sharti kwamba shamba lisiposajiliwa kabla ya mwisho wa Novemba, arbuni inarudi yote. Bila sharti hilo wangekuwa wamefungwa kununua nyumba isiyo na maji.

Hati ya mwisho ilisomwa Coimbra mwanzoni mwa Novemba. Notari aliniapisha kuwa mkalimani, akasoma kwa sauti sentensi hadi sentensi, nami nikageuza kwa Kiswahili. Kodi hulipwa kabla, na risiti ndiyo tiketi ya kuingia. Nyumba: ushuru wa stempu asilimia 0.8, yuro 640. Shamba: kodi ya uhamisho asilimia 5, yuro 300, na stempu 48. Kodi ya uhamisho ya nyumba ndiyo iliyokuwa na mjadala. Kwa makazi ya kudumu, mwaka ule, nyumba ya chini ya yuro 92,407 haikulipa kitu. Kwa nyumba ya pili ni asilimia 1, yaani 800. Mzee alitaka msamaha, na alikuwa na haki ya kuutaka. Lakini msamaha unafutika usipohamia ndani ya miezi sita, na wao walikuwa bado hawana hata miadi ya viza. Niliwashauri walipe 800 wasiishi na saa inayohesabu juu ya vichwa vyao. Walilipa. Jumla ikawa 1,788, mbali na ada za notari na usajili. Nambari za hundi za benki ziliandikwa ndani ya hati, kwani sheria inataka njia ya malipo ionekane.

Viza ya D7, ya wenye pensheni, waliiomba Januari, na hati ya nyumba ikawa ushahidi wa makazi. Kipato kinachotakiwa hufuata mshahara wa chini wa Ureno: mmoja kamili kwa mwombaji, nusu kwa mwenza. Mwaka 2022 ulikuwa 705, na Januari 2023 ukawa 760. Akiba ya miezi 12 kwa wawili, waliyokuwa wameitunza benki kwa hesabu ya 12,690, ikabidi ifike 13,680. Niliwaambia wajaze na kidogo cha juu, kwa sababu benki hukata ada zake bila kuuliza na afisa wa ubalozi husoma tarakimu ya mwisho tu.

Pampu ya kisima Mzee aliibadilisha walipofika. Jiko lilikuwa bado linasubiri michoro ya msanifu, na kabla ya joto la kiangazi ilikuwa lazima kufyeka mita 50 kuzunguka nyumba, kama sheria ya moto inavyodai kila mwaka.