Suke la Eleusis na Kristo Asiyekufa Tena

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Yohana 12:20-26. Wayunani kadhaa wamekwea Yerusalemu kuabudu kwenye sikukuu. Wanamwendea Filipo na kumwambia, "Bwana, sisi tunataka kumwona Yesu." Filipo anamwambia Andrea, na wote wawili wanampelekea Yesu habari hiyo. Yesu hasemi waingie wala waondoke. Anasema saa imefika, kisha anazungumzia mbegu: "Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake; bali ikifa, hutoa mazao mengi."

Jibu hilo nimelitafakari sana, kwa sababu Wayunani walikuwa na habari zao za kale kuhusu nafaka na kaburi. Mungu wao wa mavuno alikuwa mwanamke, Demeter, na mahali pake pakuu pa ibada palikuwa Eleusis, mji wa pwani ulio kilomita kama 20 kutoka Athene. Watu walikwenda kuabudu pale kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hadithi yenyewe imehifadhiwa katika utenzi wa kale wa Kiyunani. Persephone, binti wa Demeter, anachuma maua na wenzake. Ardhi inapasuka, na Hades, mtawala wa kuzimu, anatokea na gari la farasi na kumnyakua. Mama anasikia ukelele wa mwanawe lakini hamwoni. Kwa siku tisa anazunguka dunia na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi. Mwishowe anajigeuza ajuza na kukaa kando ya kisima cha Eleusis, kwenye kivuli cha mzeituni. Mabinti wa mkuu wa mji wanakuja kuteka maji, wanamwonea huruma na kumkaribisha kwao. Anaketi kwenye kigoda, amejifunika shela usoni, hasemi neno, chakula hagusi, mpaka mjakazi mmoja aitwaye Iambe anapomtania akatabasamu. Divai anaikataa. Anaomba maji yaliyokorogwa na unga wa shayiri na majani ya mnanaa.

Naamini aliyetunga utenzi ule alikuwa amewahi kukaa msibani. Mama aliyefiwa na binti yake yuko vile vile hata leo: anakaa pale alipoketishwa, maji ya kuoga yanapoa, na anayefaulu kumnywesha uji kidogo huwa ni mtu ambaye hakuna aliyemtegemea.

Katika nyumba ile Demeter anapewa kulea kitoto kichanga, Demophon. Anakipenda, anataka kisife kamwe. Kila usiku anakificha motoni ili ule mwili wa kufa uteketee, na mtoto anastawi ajabu. Usiku mmoja mama mzazi anachungulia, anapiga yowe, na mambo yanaishia hapo. Demophon atakufa kama watu wote. Demeter anajitenga kwa hasira na huzuni, anazizuia mbegu ardhini, njaa inaingia, na miungu inakosa sadaka. Hapo ndipo Hades anapolazimika kumwachia Persephone. Lakini kabla hajaondoka anamlisha punje ya komamanga, na kwa punje ile amemfunga: theluthi ya kila mwaka lazima arudi kuzimu. Akipanda kwa mama yake, nchi inachipua.

Kila mwaka, karibu na Septemba, waliotaka kuingizwa katika siri za Demeter walioga baharini, kila mmoja na mtoto wa nguruwe wa sadaka. Walifunga, wakanywa kinywaji kile kile cha shayiri, wakatembea kwa maandamano kutoka Athene, na usiku wakaingia katika ukumbi mkubwa wenye nguzo nyingi. Wanawake waliruhusiwa, na watumwa, na wageni pia, mradi wanaelewa Kiyunani na mikono yao haina damu ya mtu. Kilichofanyika mle ndani kilikatazwa kusemwa, na adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari maarufu wa Athene, alishtakiwa kwamba aliigiza siri zile nyumbani kwa dhihaka, akahukumiwa kufa bila yeye kuwapo. Hippolytus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, anasema kilele cha yote kilikuwa kuonyeshwa, katika ukimya, suke moja la nafaka lililovunwa. Naye Cicero wa Roma, aliyekuwa ameingizwa katika siri hizo, aliandika kwamba zilimfundisha mtu kuishi kwa furaha na kufa akiwa na tumaini jema zaidi.

Wapo ndugu watakaosema hayo ni mashetani tu, ya nini kuyachunguza? Ni kweli Paulo anawaambia Wakorintho kwamba sadaka za mataifa zilitolewa kwa mashetani, na anawakataza kushiriki. Nami nasimama hapo. Lakini Paulo huyo huyo aliwaambia Waathene, "nilipokuwa nikipita huko na huko, nikiyaona mambo ya ibada yenu." Aliyaangalia kwanza, ndipo akasema. Huko Korintho, kwenye mteremko wa mlima ulio juu ya mji, Demeter na binti yake walikuwa na patakatifu pao, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta pale vyumba vingi vya kulia karamu. Watu wa mji huo ndio Paulo aliowaandikia kuhusu ufufuo, "uipandayo haihuiki, isipokufa." Mfano wa mbegu haukuwa mgeni masikioni mwao.

Ila tazameni hadithi ya Demeter inaishia wapi. Kuzimu hakukushindwa. Mama alipatana na Hades, wakagawana mtoto. Kila mwaka Persephone anapanda, na kila mwaka anashuka tena, na mama analia upya. Kwa Demophon hata mapatano hayakuwapo. Suke lile lilimwonyesha mtu kwamba shamba litaota tena, lakini shamba huota mimea mingine. Ile punje iliyozikwa hairudi ikaitwa kwa jina lake. Warumi 6:9 inasema, "Kristo akiisha kufufuka katika wafu hafi tena, wala mauti haimtawali tena." Na katika Ufunuo 1:18 yeye mwenyewe anasema, "Nami ninazo funguo za mauti, na za kuzimu." Hakupewa sehemu ya mwaka, wala hakutoka akiwa na punje ya komamanga tumboni.

Tena hakuificha siri hii. Alimwambia kuhani mkuu, "wala kwa siri mimi sikusema neno lo lote." Wale Wayunani waliomfuata Filipo hawakutakiwa kula kiapo chochote, na neno walilosababisha lisemwe tunalisoma leo mezani, mbele ya watoto.

Ibada za Eleusis zilikoma baada ya amri za Kaisari Theodosius za mwaka 391 na 392, na mwaka 396 Wagothi wa Alaric wakapaharibu mahali pale. Binafsi sifurahii kwamba zilifungwa kwa sheria ya kaisari. Injili ilikuwa na la kuwaambia watu wale bila kusaidiwa na askari.

Ombi langu kwa wiki hii ni kuhusu misiba yetu. Tunapokwenda kuwafariji waliofiwa, tunawaambia "ndiyo maisha", "njia yetu ni moja", "mtazoea tu". Hayo hata watu wa Eleusis wangeweza kuyasema, na pengine wangeyasema vizuri kuliko sisi. Tukifika, tukae kwanza, tumpe mfiwa uji, tusimharakishe kunyamaza. Akiwa tayari kusikia, tumsomee Warumi 6:9 na Ufunuo 1:18, polepole, tukimtaja marehemu kwa jina lake.

Bwana Yesu, uliyelia penye kaburi la Lazaro, wakumbuke wazazi waliozika watoto mwaka huu. Wape watu wa kukaa nao, na uwaonyeshe uso wako. Amina.