Kozi ya video ya walimu wa mazoezi: jinsi nilivyotoka kwenye kuelewa hadi kufundisha

Nawaandikia wenzangu wanaosoma kozi ya video, kila mtu kwa mwendo wake, ili wafundishe mazoezi ya viungo hapa Bukavu. Tatizo langu: somo nalielewa vizuri, lakini nikisimama mbele ya kina mama wa Kadutu maneno yanapotea. Mwili unajua, mdomo haujui.

Nilirudia video, nikajaza daftari. Bado. Kukimbilia somo la mbele kulimaliza mega za intaneti tu.

Kilichofaa ni hiki. Napakua somo usiku, ili umeme ukikatika kesho nisikwame. Nalitazama lote, kisha nazima sauti na kulifundisha mimi huku picha zikienda. Baada ya hapo naketi kwenye kiti na kumwomba dada yangu afuate maneno yangu tu.

Kiti ndicho kilicholeta tofauti. Ukionyesha kwa mwili, mtu anakuiga, wala hujui kama maneno yako yanaeleweka. Ukiketi, utaona papo hapo agizo lililochelewa. Agizo litangulie tendo kidogo: kwanza kiungo, kisha upande, kisha mwelekeo. "Mkono wa kuume, juu." Na siku ukionyesha ukiwa umewatazama, wewe inua wa kushoto, wakuone kama kioo.

Siendi somo jingine mpaka dada afuate bila kuuliza. Ni polepole, ndiyo. Lakini Jumamosi iliyopita kina mama walifanya kipindi kizima kwa kunisikiliza, nami nikapata nafasi ya kuzunguka kati yao nikirekebisha mabega na magoti.