Shangazi alitia saini kwa kidole

Shangazi alinipigia simu jioni, sauti imemshuka. "Mwanangu, wamenikata tena." Miezi mitatu nyuma alikuwa amechukua simu ya mkataba, na kila mwezi benki ilikuwa ikikata zaidi ya alichoambiwa dukani. Nikamwomba anisimulie siku ile tangu mwanzo, asiruke kitu.

Kijana wa dukani alimwambia intaneti haina kikomo, mkataba anaweza kuuvunja wakati wowote, na simu yenyewe imo humo humo ndani ya kifurushi. Kisha akamsogezea kishikwambi: saini hapa, na hapa, na hapa. Shangazi akatia saini kwa kidole mara tatu. Hakusoma hata ukurasa mmoja, maana aliyekuwa akitelezesha kioo ni muuzaji. Nakala ilitumwa kwa barua pepe, kwenye anwani aliyofunguliwa zamani na mwanawe, ambayo yeye hajui hata nywila yake.

Ilituchukua usiku mzima kuipata. Nilipoifungua nikakuta alichokiona yeye kuwa mkataba mmoja ni mitatu. Wa kwanza ni wa laini, wa miezi 24. Wa pili ni mkopo wa kifaa, peke yake, kiasi kwamba hata ukifunga laini, deni la simu linabaki palepale. Wa tatu ni bima ambayo hakuiomba. Kisanduku chake kilikuwa kimeshawekwa alama ya tiki kabla hajashika kioo. Na ile intaneti isiyo na kikomo ilikuwa na kikomo, kimeandikwa kwa herufi za kijivu: ukivuka kiasi fulani, kasi inapunguzwa hadi mwisho wa mwezi.

Tulipolalamika, jibu la kwanza lilikuwa fupi: "Lakini ulitia saini." Shangazi alinyamaza kabisa. Neno hilo huwazima watu wengi, na mimi linaniudhi, kwa sababu linasema nusu ya ukweli. Saini inaonyesha kwamba ulikubali. Haifuti maneno yaliyokufanya ukubali. Katika nchi nyingi, hasa zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, ukiingia mkatabani kwa kushawishiwa na maelezo ya uongo kuhusu jambo la hakika, unaweza kuomba mkataba utenguliwe, hata kama muuzaji mwenyewe aliamini anachosema. Muuzaji akisema "utaipenda kamera yake," hayo ni maoni yake. Akisema "utavunja wakati wowote bila kulipa," ametaja sharti la mkataba, na sharti hilo ama lipo ama halipo.

Wala haki hii si ya jana. Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy wa Marekani aliliambia bunge lake kwamba mteja ana haki ya kupewa taarifa, na ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Haki za Mteja Duniani. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo yake ya kumlinda mteja mwaka 1985. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inataja wazi haki ya mteja kupata taarifa na haki ya kulipwa fidia. Katika Umoja wa Ulaya, kampuni ya simu inatakiwa kukupa muhtasari wa mkataba kabla hujajifunga. Ila hapa wengi hujikwaa: zile siku 14 za kubadili mawazo huko Ulaya ni za mikataba iliyofungwa kwa kupigiana simu, mtandaoni au kwa kufuatwa nyumbani. Ukiingia dukani kwa miguu yako, usizitegemee.

Kilichobaki kilikuwa ushahidi, na mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku uleule nilimwandikisha shangazi kila alichokumbuka: tarehe, saa, maneno ya yule kijana kama yalivyotoka kinywani mwake, na jina la jirani aliyekuwa amesimama naye. Tukapiga picha tangazo la "bila kikomo" lililokuwa bado linaning'inia dirishani pa duka. Kwa simu zote alizopigiwa baadaye, tuliomba rekodi kwa maandishi.

Nilimkataza mambo mawili. La kwanza, kuacha kulipa kimyakimya. Alitaka sana, na nilimwelewa, lakini malipo yakikatika bila taarifa anaandikwa mdaiwa sugu, na jina hilo humfuata mtu mpaka kwenye mkopo wa nyumba. Tuliandika kwamba analipa huku akipinga. La pili, kukaa kimya. Ukishajua umeuziwa mbuzi kwenye gunia kisha ukaendelea kutumia miezi mingine sita bila kusema neno, kampuni itadai kwamba umeridhika, na huenda ikasikilizwa.

Barua ya kwanza ilijibiwa na mtu ambaye, naamini, hakuisoma. Ya pili ilieleza madai matatu, kila moja na ushahidi wake, ikataja siku ambayo malalamiko yangepelekwa kwa mdhibiti wa mawasiliano. Siku nne baadaye alipiga mama mmoja mpole, akauliza: "Shangazi yako anataka nini hasa?" Nikampa simu shangazi aseme mwenyewe. Akasema anataka pesa ya bima irudi yote, laini ifungwe bila faini, na simu yao waje waichukue, iko kwenye boksi lake, hata karatasi ya kioo hajaibandua.

Walikubali yote matatu. Shangazi akamwomba ayaandike.