Nusu peni ya Henry wa Tatu
Jana nimeingia British Museum hapa London nikaganda mbele ya kasarafu ka fedha kaitwako peni, ka Henry wa Tatu, yule mfalme aliyetawala Uingereza 1216 mpaka 1272, jamani ni kadogo kama ukucha wa kidole gumba! Mwaka 1247 ndo msalaba uliochorwa nyuma ya sarafu ukavutwa mpaka ukingoni kabisa, maana watu walikuwa wanakwangua pembeni wanaiba fedha kidogokidogo, kwahiyo sasa ukikata tu inaonekana. Na chenji je? Unaikata peni yenyewe kufuata msalaba, unapata nusu, ukikata tena robo. Kuna kipande hicho cha nusu, kimekatwa mshazari kidogo, nikawaza mkono uliokishika unanunua mkate, machozi yakanilenga kweli. 1257 Henry akajaribu peni ya dhahabu, haikushika.